Unene na kiharusi: angalia kiuno kuliko mizani

Wengi hubishana kama unene unahusiana na kiharusi. Ndiyo, unaongeza hatari yake, ila sehemu kubwa unapitia kwenye presha, kisukari na mafuta kwenye damu. Presha ndiyo mchawi mkuu. Kwa hiyo anayesema "kilo hazihusiani" amekosea, na anayesema kilo ndizo kila kitu naye amekosea.

Utafiti wa INTERSTROKE wa 2010 kuhusu vihatarishi vya kiharusi, uliofanyika nchi 22, Uganda ikiwemo, ulikuta kwamba uwiano wa kiuno na nyonga unaashiria hatari vizuri kuliko uzito ukilinganishwa na urefu. Yaani kitambi ndicho cha kuogopa, hata kama miguu ni kama vijiti.

Chukua futikamba ya fundi cherehani, izungushe kiunoni, pumua kawaida (usivute tumbo ndani, wengi huwa tunajidanganya hapo). Mwanamke akizidi sentimita 88 au mwanamume 102, hatari imeshapanda sana.

Wembamba nao msijisahau. Mtu wa kilo 55 mwenye presha ya 180 kwa 110 asiyemeza dawa yuko pabaya kuliko mnene ambaye presha yake imetulia.