Shangazi, nimetimiza lengo langu la marathoni, mbona sitaki hata kuziona raba?

"Shangazi shikamoo. Nilijiwekea lengo la kukimbia marathoni chini ya saa 4. Nimefanya mazoezi karibu mwaka mzima, naamka alfajiri, sherehe za watu nimezikosa. Siku yenyewe nikamaliza kwa saa 3 na dakika 56, nikalia kwa furaha. Sasa mwezi wa pili tangu siku hiyo unaisha na raba ziko palepale mlangoni, hamu sina. Nakumbuka tu zile Jumamosi za mbio ndefu na wenzangu wawili, tukimaliza tunakaa chini hatuna hata nguvu ya kufungua kamba za viatu, tunacheka tu. Kila mtu ananiuliza inayofuata lini. Najiona sina shukrani. Nijisajili nyingine haraka ili hamu irudi, au ndo nimeshaisha? – Miguu Mizito"

Marahaba mwanangu, na hongera sana, tena naanza na hongera makusudi kwa sababu barua nzima umejifurahia kwa sentensi moja tu afu ukaanza kujisema. Kilomita 42 na mita 195 kwa muda huo maana yake kwa wastani kila kilomita umeimaliza chini ya dakika 5 na sekunde 40, moja baada ya nyingine mpaka mwisho. Hicho kitu si kidogo na hakuna wa kukunyang'anya.

Sasa shukrani unayo, ondoa hilo kichwani. Kilichokupata ni kwamba kwa mwaka mzima lile lengo ndo lilikuwa linakupangia maisha, ulale saa ngapi, ule nini, Jumanne mbio za kasi, Jumamosi mbio ndefu, yaani ukifungua macho tayari unajua leo unafanya nini na kwa nini. Ziangalie hizi ratiba za mazoezi, zimeandikwa wiki kwa wiki mpaka siku ya mashindano afu karatasi inaishia hapo, kesho yake hakuna kitu, na hakuna aliyekuandaa kwa hiyo kesho yake. Na kwenye ubongo kuna kemikali inaitwa dopamini, kazi yake iko zaidi kwenye kukitamani kitu na kukihangaikia kuliko kwenye kukipata, kwahiyo ukishakipata si ajabu hamu ikashuka ghafla. Mwili nao usiusahau, misuli baada ya marathoni inahitaji wiki kadhaa kujirekebisha, kwahiyo zile wiki za mwanzo kuna uzito ambao haukuwa wa moyo hata kidogo, ulikuwa uchovu wa kweli.

Na si wewe peke yako. Michael Phelps, yule muogeleaji wa Marekani aliyechukua dhahabu 8 Beijing mwaka 2008, amesema wazi kwamba baada ya kila Olimpiki alikuwa anaangukia kwenye sonona. Dhahabu 8 mwanangu!

Kwahiyo kujisajili haraka nakukatalia, kwa sasa. Ukijisajili ili tu kuukimbia huo utupu, utafanya mazoezi kwa kujilazimisha, pengine uumie goti, na hata ukimaliza salama utarudi hapohapo ulipo leo. Isome tena barua yako, nimeirudia mara mbili na sehemu moja tu ndo ina uhai, ile ya Jumamosi na kamba za viatu. Hujaniambia unaikumbuka medali wala ile saa ya mwishoni, umewakumbuka wenzio. Mi naona unachokikosa ni wiki zako zilivyokuwa, mstari wa mwisho ulishauvuka na umeshaisha kazi yake.

Mtazame Eliud Kipchoge. Oktoba 2019 pale Vienna alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya saa 2. Baada ya hapo ungemtaka atafute nini tena? Mwaka uliofuata London akawa wa 8, akarudi mazoezini Kaptagat na wenzake, kule kambini ambako hata kazi za usafi alikuwa anafanya kwa zamu kama wengine, afu 2021 akachukua tena dhahabu ya Olimpiki. Mi hapo naona mtu anayeyapenda maisha ya mazoezi yenyewe, na wewe hilo unalo, limejificha tu.

Basi leo hii watumie meseji wale wawili, Jumamosi mkimbie kidogo, taratibu, mkipiga stori, na saa iache nyumbani. Fanya hivyo wiki kadhaa bila kujipima. Hamu ikianza kurudi tafuta lengo ambalo halifanani na lile la kwanza, mfano kilomita 5 kwa kasi, au umshike mkono mtu anayetaka kukimbia kilomita 10 kwa mara ya kwanza, hiyo ya kumsaidia mtu mi naipenda zaidi kwa ajili yako. Na ukigundua sasa unataka kuogelea au baiskeli, nenda, hujasaliti chochote. Kuisha hujaisha, pumzi imepungua kidogo ndiyo, lakini aliyewahi kuijenga akianza tena hairudii sifuri.

Ila nisikilize hapa: kama huzuni haiko kwenye mbio tu, kama usingizi umepotea, chakula hakipandi, kazi na watu wote vimekuchosha na hali hiyo imepita wiki 2, nenda kamuone daktari au mshauri wa afya ya akili, usisubiri ipite yenyewe. Na kama mawazo ya kutotaka kuishi yanakujia, hata mara moja, mwambie mtu wa karibu leoleo na mwende pamoja.

Na hao wa "inayofuata lini" wengi hawana nia mbaya, hawajui tu waulize nini kingine. Waambie napumzika kwanza, afu waulize na wao wanaendeleaje.