Kufunikwa au kufichwa?

SWALI: Ninatafsiri makala juu ya Enrique Dussel, mmoja wa waasisi wa falsafa ya ukombozi huko Amerika ya Kusini. Nimeandika kwamba, kwake yeye, 1492 haukuwa mwaka wa kugunduliwa kwa Amerika bali wa kufunikwa kwa wenyeji wake. Mhariri amekata "kufunikwa". Anasema yanayofunikwa ni masufuria, niandike "kufichwa". Halafu, "Wahindi Wekundu" bado linafaa?

JIBU: Mrudishie mhariri sufuria lake. Dussel, Mwajentina aliyekimbilia Meksiko mwaka 1975, alicheza na maneno mawili ya Kihispania yenye shina moja, descubrimiento (ugunduzi, kwa asili kufunua) na encubrimiento (kufunika). Kiswahili kina jozi hiyo tayari: funua na funika. Tazama ndugu zake: bandika, bandua; pachika, pachua; anika, anua. Hata vumbua, tunayoitumia kwa ugunduzi, ina vumbika yake, ile ya ndizi.

Ni kweli ficha nayo ina fichua, kwa hiyo mhariri hakukosea sarufi. Amekosea maana. Anayeficha anakijua anachokificha. Columbus hakujua. Aliwaita watu wa visiwa vya Karibi Wahindi kwa kuwa alidhani amefika Asia, na alifariki mwaka 1506 akiwa bado anashikilia hivyo. Kwa Dussel, Columbus alikuja na Mwasia wake kichwani, akamtandika juu ya watu waliokuwa mbele ya macho yake. Huko ndiko kufunika, na kama sufuria, chini ya kifuniko chungu kinaendelea kuchemka.

Mimi ningegusa neno jingine kabisa, "kugunduliwa". Andika "haukuwa mwaka wa kufunuliwa kwa Amerika bali wa kufunikwa kwa wenyeji wake", sikio lipate jozi. Najua kufunuliwa kunanukia Ufunuo wa Yohana, na wasomaji wamezoea "kugundua" tangu darasani. Basi litumie hilo mara moja mwanzoni, kisha uwaletee jozi.

"Wenyeji" libaki. Mwenyeji ni mwenye mji, ndiye anayepokea wageni, na hapo mgeni ndiye aliyejimilikisha mji. "Wahindi Wekundu" lifute. Ni kosa la Columbus lililopakwa rangi. Tena kila unapoweza, taja watu kwa jina lao. Waliompokea kule visiwani walikuwa Wataino. Andika Wataino.