Swali Litangulie: Ushauri kwa Wanaofundisha na Wanaosoma Baiolojia ya Sekondari

Katika miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha baiolojia, nilimwinua mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu anieleze maana ya osmosisi. Aliitaja kwa Kiingereza bila kukosea hata neno moja: maji hupita kwenye utando unaochagua vya kupitisha, kutoka upande wa mmumunyo hafifu kwenda upande wa mmumunyo mzito. Nikamsifu. Kisha nikamuuliza kwa nini vitunguu vya kachumbari vikitiwa chumvi na kuachwa kwa muda, bakuli huwa na maji ambayo hakuna aliyeyamimina. Alinyamaza, na darasa zima likanyamaza pamoja naye, ingawa nina hakika wengi wao walikuwa wamekata kachumbari nyumbani mara nyingi kuliko mimi nilivyokuwa nimefundisha osmosisi.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimewapa jibu la swali ambalo hakuna aliyekuwa amejiuliza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiipanga kazi yangu kwa kufuata maswali badala ya kufuata orodha ya mada. Mada za baiolojia ya sekondari zinaonekana kuwa nyingi mno, lakini ukizitazama kwa utulivu utaona zinayazunguka mambo machache: umbo la kiungo na kazi yake, safari ya nishati, urithi, namna mwili unavyotunza hali yake ya ndani, na jinsi viumbe wanavyobadilika vizazi kwa vizazi. Kila jambo kati ya hayo linaweza kusimama juu ya swali moja ambalo hata mtoto wa darasa la nne angeliuliza.

Chukua nishati. Kabla ya kutaja usanisinuru, yaani namna mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, huwauliza wanafunzi: mkulima amepanda mbegu chache, amevuna gunia la mahindi la kilo 100, uzito huo umetoka wapi? Karibu wote husema umetoka kwenye udongo na mbolea. Hapo huwasimulia juu ya Jan Baptist van Helmont, aliyeishi katika karne ya 17 katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Alipanda mti kwenye chombo cha udongo alioupima, akaumwagilia kwa miaka 5. Mti uliongezeka zaidi ya kilo 70, ilhali udongo ulipungua takriban gramu 60 tu. Yeye alihitimisha kuwa uzito wote ulitokana na maji, na hapo alikosea, kwa kuwa hakujua mchango wa hewa ya ukaa. Mwanafunzi anayeweza kueleza kosa hilo ameielewa mada kuliko aliyekariri mlinganyo wake.

Hata hivyo, mada iliyonionyesha nguvu ya swali kuliko zote ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Jina lenyewe ni somo: ni seli iliyopinda kama mundu wa kukatia majani. Mabadiliko ya herufi moja tu katika jeni ya hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, huifanya asidi amino (kijenzi cha protini) ya sita katika mnyororo wake, yaani asidi ya glutamiki, iwe valini. Kwa sababu hiyo, oksijeni inapopungua, molekuli za hemoglobini hushikamana na kuwa nyuzi ngumu, nazo chembe nyekundu hupinda na kuziba mishipa midogo. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Iliyopinda huishi takriban siku 10 hadi 20. Hapo pana umbo na kazi, pana urithi, na pana mwili unaohangaika kutunza hali yake.

Katika urithi, ninawaomba walimu wenzangu wasiharakishe. Wazazi wawili wanapobeba jeni moja moja ya selimundu, uwezekano wa mtoto kuzaliwa na ugonjwa ni 1 kati ya 4, na wanafunzi wengi huamini kwamba wa kwanza akizaliwa mgonjwa basi watatu wanaofuata wamesalimika. Maelezo hayaliondoi wazo hilo kirahisi, sarafu huliondoa. Wape kila wawili sarafu mbili, upande mmoja wa kila sarafu ukiwa jeni ya ugonjwa, wazirushe pamoja mara 40 na kuandika matokeo, nao wataona kwa macho yao kwamba kila mrusho huanza upya, kama ilivyo kwa kila mimba. Wataona pia kwamba sarafu ni mbili, ya baba na ya mama, jambo lenye uzito mkubwa katika jamii ambazo mama ndiye hulaumiwa peke yake. Usimuulize mwanafunzi yeyote hali ya familia yake. Wenye mgonjwa nyumbani wamo darasani na wanakusikiliza.

Mwaka mmoja, baada ya zoezi hilo, msichana mmoja aliuliza: “Mwalimu, kama zamani watoto wengi wenye ugonjwa huu walikuwa wakifariki kabla ya kupata watoto wao, mbona jeni hii haijaisha?” Niliacha kufundisha nilichokuwa nimeandaa. Swali hilo ndilo alilolijibu Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1954: mtu mwenye jeni moja tu ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana jeni hiyo imeenea zaidi mahali ambapo malaria imetawala kwa muda mrefu. Kinga hiyo si kamili, kwa hiyo chandarua bado kinahitajika. Baada ya swali hilo sikupata shida kufundisha uteuzi asilia, yaani namna sifa zinazomsaidia kiumbe kuishi na kuzaa zinavyoenea vizazi kwa vizazi, kwa kuwa walikuwa wameufikia wenyewe.

Unapoandaa swali, lianzishe na kitu kinachoonekana au kinacholiwa, na hakikisha halijibiki kwa neno moja. “Taja sehemu za jani” ni agizo, “kwa nini jani ni bapa na jembamba?” ni swali. Liulize kwanza kwa Kiswahili, waache wabishane, kisha uwasaidie kuliandika jibu kwa Kiingereza cha mtihani. Sidharau fasili, maana mtihani unazitaka na sayansi haiendi bila maneno yenye mipaka. Ninazipeleka tu mwisho wa kipindi. Nawe unayejisomea, kabla ya kufungua sura, andika maswali mawili unayotaka ikujibu, na lisilojibiwa ulipeleke kwa mwalimu.

Siku hizi kipindi changu cha osmosisi huanza na sahani mbili za vitunguu vilivyokatwa, moja yenye chumvi na nyingine isiyo nayo. Baada ya dakika 20 tunamimina maji ya kila sahani kwenye glasi yake na kulinganisha. Neno osmosisi huliandika ubaoni baadaye, wanafunzi wanapoanza kuuliza jambo hilo linaitwaje.