Maswali ya wasomaji: Ruger 10/22 yangu, nianze kubadilisha nini?

Mwezi uliopita niligusia tu kwamba bunduki niliyojifunzia kuwinda kindi huku Pennsylvania ni Ruger 10/22, nusu otomatiki ya risasi ndogo za .22, na kwamba bado ninayo. Maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotegemea, ntajibu haya matano.

Swali: Jambo yaya. Mimi ni Mkongo, niko Lancaster, nimepata green card (kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani) mwaka jana na wenzangu wa kazini wananialika kuwinda. Nimeona 10/22 ya mtumba, rafiki ananiambia ninunue alafu nibadilishe kila kitu, mtutu, kitako, triga, vyote. Je, naruhusiwa kuwa nayo, na nianze na nini?

Jibu: Jambo sana ndugu. Ruhusa kwanza. Mwenye green card anaruhusiwa kununua, ambaye kwa kawaida haruhusiwi ni yule wa viza ya muda kama ya masomo au matembezi, labda awe na leseni ya uwindaji. Dukani utajaza fomu inaitwa 4473, ijaze kwa ukweli mtupu manake kudanganya pale ni kosa la jinai na kwa mtu ambaye bado si raia hilo linaweza kukuharibia kila kitu ulichokisubiri miaka yote hiyo, alafu wanakuchunguza rekodi yako, na hapa Pennsylvania mfumo wa kuchunguza unaendeshwa na polisi wa jimbo wenyewe. Kabla ya leseni ya kuwinda utasoma kozi ya usalama. Isome kwa moyo.

Sasa bunduki. Hii imeanza kutengenezwa 1964 na mpaka leo inatoka kiwandani, uzito wake kama kilo 2.3, na magazini yake ya risasi 10 ni ya kuzunguka, yaani risasi zimepangwa duara ndani ya kiboksi kidogo kinachozama kabisa tumboni mwa bunduki, hakining'inii. Watu wanapenda kuibadilisha kwa sababu ilivyoundwa inakubali. Mtutu umeshikwa na kabari moja na skrubu mbili tu, kitako kimeshikwa na skrubu moja kubwa na ile bangili ya mbele inayoubana mtutu, triga nzima inatoka ukisukuma pini mbili. Huhitaji karakana, meza ya jikoni na taa nzuri vinatosha. Na kisheria sehemu inayohesabika kuwa ndio bunduki ni kile kiwiliwili chenye namba, kwa hiyo mtutu au kitako unaagiza vinakuja nyumbani kama viatu. Ila usije ukaufupisha mtutu chini ya inchi 16, hapo sheria ya tangu 1934 inakugusa na bila kuisajili serikalini ni jela.

Lakini ushauri wa rafiki yako wa kubadilisha kila kitu, hapana ndugu yangu, na nasema hivi kwa sababu mimi nilifanya. Nilifunga mtutu mnene, triga mpya na darubini mpya siku moja, nikaenda kulenga, yadi 50, matundu yakatapakaa kwenye karatasi kama nimerusha choroko. Sikujua kosa liko wapi. Nimelaumu mtutu, nimelaumu risasi, nimebadilisha darubini, wiki tatu nzima, mwisho nikakuta ni skrubu ya kitako haijakazwa sawa, kiwiliwili kilikuwa kinacheza ndani ya mbao kila ninapofyatua. Kitu cha robo zamu ya bisibisi. Kwa hiyo badilisha kimoja, piga karatasi, andika tarehe na aina ya risasi pembeni ya karatasi, itunze, alafu ndio kingine.

Na cha kwanza kabisa kununua ni risasi. Nunua aina tano sita tofauti, boksi moja moja, piga makundi ya risasi tano tano ukiwa umeegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga. Kila mtutu una risasi unayoipenda, bunduki mbili za mwaka mmoja zinatofautiana, na nimeona mtutu wa kiwandani uliodharauliwa ukipata risasi yake unaweka tano ndani ya sarafu. Ukishajua hiyo, weka darubini ya kawaida, ukuzaji wa mara nne unatosha kabisa msituni, na uifunge chini kadiri inavyowezekana ili shavu lako likae kwenye kitako bila kunyoosha shingo. Cha tatu ndio triga, ile ya kiwandani ni nzito, zipo za kampuni hiyo hiyo zinazovutika kwa nguvu ya chini ya pauni 3 na tofauti unaisikia risasi ya kwanza tu. Mtutu mnene uache kwanza. Ni mzuri mezani, ila ukishapanda nao milima ya huku tangu alfajiri, bega litakwambia.

Jambo moja kabla sijaenda: huku kwetu nusu otomatiki inaruhusiwa kwa wanyama wadogo tu tangu 2017, kwa kulungu hairuhusiwi, na .22 kwa kulungu ni kumtesa hata kama ingeruhusiwa. Na vaa ile rangi ya machungwa inayowaka, inchi za mraba 250 kichwani, kifuani na mgongoni. Wenzako wa kazini watakuonyesha.

Swali: Kaka habari. Nina 10/22 hapa Erie, Pennsylvania, nimeiwekea kitako cha kukunja chenye mshiko wa bastola, mtutu wenye nyuzi mdomoni za kufungia vifaa na magazini ya risasi 25. Imependeza sana. Mwezi ujao nahamia Buffalo, New York, ni mwendo wa saa moja na nusu tu, kuna shida?

Jibu: Shida kubwa ndugu, na nashukuru umeuliza kabla ya kuvuka. Tangu 2013 New York bunduki nusu otomatiki yenye magazini ya kuchomoa ikiwa na hata kitu kimoja kati ya hivyo, kitako cha kukunja, mshiko wa bastola, nyuzi mdomoni, inahesabiwa silaha ya kivita, na kwamba ni ya .22 ya kupigia kindi haikusaidii. Magazini inayozidi risasi 10 nayo ni kosa lake peke yake. Hapo ulipo ni halali, ukishavuka mpaka ni mhalifu na hujabadilisha hata skrubu.

Rudisha kitako cha mbao, bila shaka bado kipo kabatini, rudisha mtutu wa kawaida, hiyo magazini ya 25 iuze huko huko Erie, na vile vifaa usivihamishie Buffalo kabisa hata ndani ya boksi. Hii ndio sababu mimi kila siku nasema usitupe vipande vya kiwandani, vifunge kwenye gazeti uandike ni vya bunduki gani. Na ukishakuwa mkazi kule ukitaka kununua nyingine ya nusu otomatiki, tangu Septemba 2022 unahitaji kibali kwanza. Ongea na mwanasheria wa huko kabla ya kupakia lori, pesa utakayomlipa ni ndogo.

Swali: Shikamoo. Mume wangu amenunua hii bunduki mnayoisifia, tuko Houston, tuna watoto wa miaka 6 na 11. Anaiweka nyuma ya mlango wa chumbani, anasema haina risasi ndani. Mimi silali. Nimwambieje?

Jibu: Marahaba dada yangu. Una haki ya kutolala. Mwonyeshe hii sehemu aisome mwenyewe.

Shemeji, chomoa magazini alafu vuta bolti, kile chuma kinachokwenda nyuma na mbele kuingiza risasi, uone. Kwenye bunduki hii ukichomoa magazini risasi moja inaweza kuwa imebaki kwenye chemba, pale mwanzo wa mtutu risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, na ukivuta triga itatoka, magazini kutokuwepo hakuizuii. Mtu mzima mzoefu anasahau hilo, mtoto wa miaka 11 atalijulia wapi? Watu wanaona .22 ni kitoto, lakini risasi yake inaweza kwenda zaidi ya maili moja na inaua mtu. Na hapo Texas ukiiacha yenye risasi mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 anaifikia, wewe mwenyewe una kesi. Nunua kabati la chuma lenye kufuli, bei yake inaweza kuwa chini ya bei ya darubini, risasi zikae chumba kingine na kufuli lake, funguo zisikae kwenye droo ambayo watoto wanaijua. Fanya leo. Ukishamaliza wakalishe watoto uwaambie wazi ni nini kile na wakiikuta popote, hata kwa jirani, wasiiguse, waondoke, waite mtu mzima.

Swali: Mjomba, niko Dallas, nataka nimpelekee mzee wangu Nakuru moja kama zawadi, nikaiweke kwenye kontena na nguo. Inawezekana?

Jibu: Usithubutu. Marekani kuitoa silaha nje bila kibali ni kosa, Kenya kuiingiza bila kibali ni kosa, na mzee anahitaji cheti chake mwenyewe ambacho hakipatikani kwa kupelekewa mzigo. Tena ataiwindia nini, uwindaji Kenya umepigwa marufuku tangu 1977. Mpelekee darubini ya kutazamia ndege.

Swali: Kaka, 10/22 yangu inabana, ganda linanaswa kwenye mlango wa kutokea maganda limesimama wima. Nibadilishe bolti?

Jibu: Safisha kwanza. Hii bunduki haina mtambo mwingine wa kujirudisha, ni lile ganda lenyewe linalosukumwa nyuma na moshi ndio linaipiga bolti, kwa hiyo chemba ikiwa na masizi au risasi ikiwa dhaifu, bolti hairudi mpaka mwisho na ganda linakamatwa njiani. Chemba ya .22 inachafuka haraka sababu risasi zake ni za madini tupu ya risasi (lead) yaliyopakwa nta. 10/22 nyingi hazina tundu la nyuma la kupitishia fimbo ya kusafishia, kwa hiyo tumia kamba ya kusafishia, ipitishe kutoka kwenye chemba itokee mdomoni, mara tatu, usiburuze fimbo ya chuma kuanzia mdomoni manake utaukwaruza pale pale risasi inapoagana na mtutu. Tia mafuta tone moja kwenye bolti, moja tu, ukizidisha yanakamata vumbi. Kisha jaribu risasi za kasi, zenye kichwa cha uzito wa grein 40, futi 1,200 na kitu kwa sekunde. Angalia pia ule ukucha mdogo unaovuta ganda, ukiwa butu ni kipande cha dola chache na unakibadilisha mwenyewe.

Ikiendelea kubana baada ya hapo, niandikie useme imebana risasi ya ngapi kati ya kila 10 na ni magazini ipi, kama unazo mbili ziwekee alama ya rangi, mara nyingi mwenye makosa ni magazini moja tu.