Hakufa, tena alikuwa fundi uashi

Kaka, umeuliza kama yule mtelezaji wa theluji wa Austria, anayepaa hewani kwenye video halafu anaanguka kichwa chini, alikufa palepale. Hakufa. Ni Hermann Maier, Olimpiki ya Nagano kule Japani, Februari 1998. Alibingirika, akapasua nyavu mbili za usalama, akasimama anajikung'uta kama mtu aliyedondoka na baiskeli. Siku 3 baadaye akachukua dhahabu ya super-G, mbio za kushuka mlima kwa kasi kupitia kona pana, kisha nyingine ya slalomu kubwa, yenye kona za karibu zaidi.

Kilichonishika mimi ni kingine. Akiwa na miaka 15 shule ya michezo ilimrudisha nyumbani: mwili mdogo, magoti yanasumbua. Akajifunza uashi. Kiangazi anapanga tofali, baridi ikiingia anafundisha watu kuteleza kwao Flachau. Juzi saiti, huku Nala, jua la saa nane linatuchoma na zege halisubiri, nikawasimulia vijana. Hawakuamini. Mmoja akauliza, hiyo theluji ni kama barafu ya kwenye friji? Karibu hivyo, njia ya mashindano huwa wanaimwagia maji makusudi ili igande ngumu zaidi. Wazimu mtupu.

Agosti 2001 aligongana na gari akiwa kwenye pikipiki, mguu wa kulia nusura ukatwe. Akarudi mashindanoni Januari 2003, na mwezi huohuo akashinda mbio za Kitzbühel, kwao Austria. Mwaka 2004 akabeba taji la jumla la Kombe la Dunia la kuteleza, yaani la pointi za mbio za msimu mzima, kwa mara ya 4. Alistaafu 2009, ameshinda mbio 54 za Kombe hilo.