Jibu: Mpira umegusa mstari, mpinzani anasema "nje"

Mkuu, pole na mechi ya tenisi ya Jumamosi. Umeuliza nani mwenye kauli mpira wako ukiangukia mstari wa upande wake, naye anasema "nje", na refa hakuna. Kauli ni yake. Kila mtu anaamua upande wake wa wavu. Ila akiwa na shaka, mpira huo ni ndani. Hakuna cha "turudie, sikuona vizuri". Na waliokaa benchi hawana kura, hata awe kocha wake.

Umesema mlichezea uwanja wa udongo. Basi ungemwomba akuonyeshe alama ya mpira, na unaruhusiwa kuvuka wavu kwenda kuiangalia. Ikionekana imegusa mstari, pointi ni yako. Akiifuta kwa kiatu kabla hujaiona, amekubali ulikuwa ndani. Fanya haraka tu, maana upepo wa Mbeya ukianza kupeperusha vumbi, ushahidi umekwenda.

Ugomvi wa hesabu ya pointi ni rahisi zaidi: anayesevu ataje matokeo kwa sauti kabla ya sevu ya kwanza ya kila pointi, si kimoyomoyo kama huyo jamaa yako. Mkibishana, pointi mnazokubaliana zinabaki, inarudiwa ile yenye utata tu.