Majani yamekauka, je, punje imekomaa?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninalima ekari mbili za mahindi wilayani Kongwa. Nilipanda katikati ya Desemba, na sasa, mwanzoni mwa Aprili, majani ya chini yamekauka na maganda yameanza kubadilika rangi. Jirani ananihimiza nivune kabla mifugo haijaingia shambani. Nikiyamenya, mengi hayana punje kwenye ncha. Nitajuaje kuwa yamekomaa, na mapengo hayo yanatokana na nini?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usivune kwa kutazama majani. Mhindi uliokosa maji hukausha majani ya chini mapema, kwa hiyo shamba zima laweza kuonekana limeiva ilhali punje bado ni laini.

Ipime punje yenyewe. Takriban wiki tatu baada ya ndevu kuchomoza, punje huwa na maziwa, na hayo ndiyo mahindi yanayofaa kuchoma. Maziwa hayo huzidi kuwa mazito kama donge la unga, kisha wanga mgumu huanzia juu ya punje na kushuka polepole hadi kitakoni. Unapofika huko, njia inayopitisha chakula kutoka kwenye gunzi huziba na kuacha alama nyeusi. Chuma mahindi machache katika sehemu mbalimbali za shamba, chomoa punje za katikati ya gunzi, ukwangue kitako kwa ukucha. Ukiuona weusi, punje haitaongezeka uzito tena hata ikibaki shambani mwezi mzima. Kwa kawaida hatua hiyo hufikiwa siku 50 hadi 60 baada ya ndevu kutoka, hivyo yako huenda yanahitaji wiki moja au mbili zaidi.

Kuhusu mapengo, kila unywele wa ndevu unahudumia punje moja tu, na usipopata chavua kutoka kwenye mbelewele, nafasi yake hubaki tupu. Ndevu za ncha hutoka mwisho, na ukame huzichelewesha zaidi, wakati mwingine hadi chavua inapokuwa imekwisha. Mahindi yako yalichanua mnamo Februari, mwezi ambao mvua za Dodoma mara nyingi hukatika. Hata punje zilizokwisha kutungwa, mmea ukizidiwa na kiu, huziacha zinyauke, ukianza na za ncha.

Hofu ya jirani yako ina msingi, na alama nyeusi ikishaonekana waweza kuvuna na kukaushia nyumbani. Hata hivyo, wakati huo punje bado ina unyevu wa asilimia 30 hivi, nao unapaswa kushuka hadi 13 kabla ya kuhifadhi. Naomba hili ulizingatie sana, kwa sababu mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mahindi yaliyopatwa na ukame hushambuliwa kwa urahisi na ukungu unaoitoa. Yaanike juu ya kichanja au turubai, kamwe si juu ya udongo. Kisha tia punje chache na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, utikise, uiache robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, endelea kuanika.